Miaka Tisa ya Kumwandika Mama Volti

Mtu wa miaka thelathini na mitatu akisema amestaafu, watu wa Likasi humtazama miguu kwanza, kuona kama anachechemea. Mimi sichechemei. Nimeacha kumwandika Mama Volti, shujaa wetu wa katuni, baada ya miaka tisa na matoleo kumi na manane, na ninyi wawili mnaopokea kalamu yangu mmeniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyofanyika. Nimekubali kwa sababu ni wajibu, na pia kwa sababu nimechoka kuulizwa juu ya miradi yangu ijayo.

Miradi yangu ijayo imepangwa na kila mtu isipokuwa mimi. Mchapishaji mmoja wa Kinshasa alitaka Mama Volti ahamie kwao, kwa kuwa, alivyosema kwa upole mkubwa, hakuna anayeijua Likasi. Shirika moja la afya lilitaka aache kupambana na wezi wa nyaya ili afundishe kunawa mikono katika kurasa thelathini na mbili. Pasta mmoja alikuwa tayari kununua toleo zima endapo shujaa angeungama dhambi zake kwenye ukurasa wa mwisho. Mtangazaji wa redio aliniuliza mbele ya kipaza sauti ni lini nitaandika kitabu cha kweli, yaani kisicho na picha. Nilimjibu kwa dakika saba. Walirusha sekunde kumi, nazo zilikuwa zile nilizokuwa nakohoa.

Nilianza kazi nikiwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi na imani moja: kwamba watoto wanaokua karibu na mashimo ya madini, ambako mwenye nguvu humla asiye nazo, wanahitaji kumwona kwenye karatasi mtu mwenye nguvu anayetenda haki. Imani hiyo bado ninayo. Nasema mapema msije mkadhani yaliyofuata yaliniponya.

Papa Sylvain, mchoraji wetu, alinipokea mtaa wa Shituru, katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya zamani ya kampuni. Mnamjua leo akiwa mzee anayekoroma mezani adhuhuri. Wakati ule alikuwa ametoka tu kwenye ofisi ya michoro ya kiwanda, ambako kwa maisha yake yote ya kazi alichora mabomba, vali na matangi. Siku yangu ya kwanza nilimletea hadithi ya kurasa arobaini. Hakuigusa. Alinipa rula, penseli ngumu na rundo la karatasi, akaniamuru nichore visanduku.

"Vingapi, Papa?"

"Paka jioni."

Nilichora visanduku mpaka jioni. Kila saa alikuja, akaweka kipimo chake cha chuma juu ya mistari yangu, akasema, "Mamzelle, hii lini inalewa," yaani mstari wangu unayumba. Kesho yake alisoma hadithi. Aliishia mahali nilipoandika kwamba shujaa amejaa huzuni. Akainua miwani.

"Huzuni iko na urefu gani?"

"Papa, huzuni haina urefu."

"Basi minye nitaichora namna gani?"

Nilikasirika sana, kisha nikafuta sentensi hiyo, na tangu hapo sikuandika tena hisia ambayo haikuwa na mkono, mgongo au mlango. Lishikeni hilo. Shikeni na haya: kisanduku kimoja hakibebi zaidi ya maneno ishirini, anayeanza kusema awekwe kushoto, na kila karatasi, hata ile ya kutupwa, iandikwe tarehe na kusainiwa pembeni, chini, upande wa kulia. Hiyo ilikuwa sheria ya ofisi ya michoro, na Papa Sylvain aliihamishia kwenye katuni bila kupunguza chochote. Hakutupa hata jaribio moja. Nilimwona kama mtu anayehifadhi makapi.

Alikuwa na upungufu mmoja, nao ndio chanzo cha yote. Hakuweza kuchora uso kutoka kichwani. Mabomba yake yalikuwa ya kweli kiasi kwamba mhandisi mmoja alituandikia kutushukuru, lakini shujaa wetu wa kwanza alikuwa na uso wa vali. Alihitaji kitu mbele yake cha kupima. Akafungua dirisha, na ng'ambo ya barabara alikuwa amekaa Mama Godelive, mjane wa makamo anayeuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho wafanyakazi wa zamu hupenda kunywa wakitoka. Papa Sylvain alivuka na kumwomba uso wake. Mama Godelive alifikiri kidogo.

"Chukua. Lakini usinifanye munene kupita vile niko."

Hivyo ndivyo Mama Volti alivyopata paji lake pana na ule mwanya katikati ya meno. Nami nilimpa hadithi: ni mfagiaji katika kituo cha umeme, siku moja anashika waya unaoleta mkondo kutoka bwawa la Koni, hafi, kuanzia hapo anaruka juu ya mji, anawakamata wezi wa nyaya, anainua mawe yaliyowafukia wachimbaji. Mchana anafagia kama kawaida na hakuna anayejua. Niliona ni muundo safi kabisa.

Sasa niwaambie juu ya wahakiki. Yule wa Lubumbashi aliandika kwamba mabomba yana uhai kuliko wahusika. Wa ng'ambo, aliyepata toleo moja mkononi mwa mtalii, aligundua kwamba ufagio wa Mama Volti ni ishara ya jambo ambalo nimelisoma mara nne bila kulielewa. Abé, padri wa parokia, aliniuliza baada ya misa kwa nini katika toleo la tatu shujaa anaruka Jumapili saa tatu asubuhi badala ya kuwa kanisani. Hao wote niliwavumilia. Walionishinda ni wasomaji wenyewe.

Tuliuza vitabu kwenye meza karibu na soko. Asubuhi moja mchimbaji mmoja, buti zake bado zina udongo mwekundu, alisoma toleo la kwanza lote akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, akalirudisha taratibu.

"Mamzelle, kitabu iko muzuri. Lakini nauliza. Ile nguvu, alitoa nani?"

"Hakumtoa kafara mtu yeyote. Ni ajali ya umeme."

"Ajali ya umeme inauaka. Haipatiake muntu njia ya kuruka." Aliwageukia wengine waliokuwa wakisubiri. "Hapa kwetu muntu akipata nguvu gafla, kuko mwenye analala mu kaburi juu yake. Ni bongo?"

"Si bongo," wakajibu, yaani si uongo.

"Na anarukaka usiku, batu ba nyumba habayue!" mama mmoja aliongeza, akiwa na beseni la dagaa kichwani. "Ile kwetu tunaiitaka namna gani?"

"Bulozi!" walipiga kelele kwa furaha, na mama akanionea huruma. "Mamzelle, ukiandikaka bulozi, nani atakuoa?"

Naomba mnielewe. Nilikuwa nimeunda mtu wa haki, na mji mzima ukaona mchawi. Anayeruka gizani, anayeficha nafsi yake ya pili, mwenye nguvu ambazo hakuzitolea jasho: kwa msomaji wa Likasi hizo si sifa za shujaa, ni dalili. Na hakuna aliyekasirika! Walinunua, walicheka, walisubiri toleo lijalo, na kila toleo waliuliza swali lile lile. Niliandika ukurasa mzima wa maelezo, mwishoni mwa toleo la tano, kuhusu kanuni za hadithi za mashujaa. Nilipokea barua kumi na moja. Tisa ziliuliza kama maelezo hayo yanamaanisha kwamba ni siri.

Mama Godelive, kwa upande wake, alifurahia. Watoto walipompigia kelele "Volti!", aliinua mkono wa kushoto kama kwenye jalada, nao wakakimbia wakicheka. Mzaha ulibaki mzaha kwa sababu katika hadithi hapakuwa na maiti.

Maiti niliileta mimi, katika toleo la kumi na saba. Nilikuwa nimechoka na swali. Nikajiambia kwamba wanachokosa wasomaji ni uchungu: wakimwona Mama Volti akipoteza kitu, watampenda kama binadamu, nao wataacha kumhesabia nguvu zake. Nilihangaika na hadithi hiyo wiki mbili. Mwishowe niliandika kwamba, dakika ile ile aliposhika waya, mume wake alianguka na kufa. Nilikuwa najivunia sana ukurasa huo.

Papa Sylvain, kama kawaida yake, alitaka uso wa mume. Nilivuka barabara mwenyewe. Nilimwambia Mama Godelive kwamba tunataka kumheshimu marehemu mume wake, Papa Anaclet, aliyekufa kwa homa hospitalini miaka kadhaa kabla sijafika. Sikumwambia kwamba katika kitabu atakufa. Nilidhani ataliona jambo hilo likiwa zuri pale litakapokuwa limechapwa. Aliitoa picha ukutani, akaipangusa kwa kanga, akanipa.

"Umuweke na shati yake ile ile. Aliipendaka."

Tulimweka na shati yake ile ile.

Toleo lilirudi kutoka kwa mchapaji wa Lubumbashi siku ya Jumatatu. Kufikia Alhamisi, wafanyakazi wa zamu walikuwa wakivuka barabara kabla ya kufika kwenye ndoo za Mama Godelive, kisha wakivuka tena mbele yake kurudi upande ule ule. Nilimwona kwa macho yangu mwanamke aliyekunywa pale kwa miaka akiweka kikombe chini bila kukigusisha mdomoni, akisema amekumbuka ana dawa za kumeza. Mjane aliyemtoa mume wake haachiwi achanganye cha kunywa cha watu. Jumamosi Mama Godelive alimwaga ndoo mbili mtaroni, akaja kwetu na kitabu mkononi.

"Béatrice mwanangu. Ulisema ni ya kumuheshimu Anaclet."

"Ni heshima, Mama. Wasomaji wanaona jinsi Mama Volti alivyoumia..."

"Batu banapita mbali na kikombe yangu."

"Lakini wote wanajua Papa Anaclet alikufa kwa homa! Walikuwa mazishini!"

"Banayua alikufa." Alikiweka kitabu juu ya meza, juu ya wino mbichi. "Sasa banayua na juu ya nini alikufa."

Kisha akatuambia lililobaki. Kaka mkubwa wa marehemu, Papa Bonaventure, ameita kikao cha ukoo Jumapili baada ya misa. Nyumba ni ya Anaclet; ukoo unataka kuamua kama mwanamke huyu ataendelea kulala ndani yake au atarudishwa kwa ndugu zake Kapolowe, ambako hakuna aliyebaki hai.

Tulikwenda, Papa Sylvain na mimi. Nilivaa sketi yangu ya kuhudhuria mihadhara. Papa Sylvain alibeba mfuko wa plastiki, nami sikumuuliza una nini, kwa kuwa nilikuwa nikipanga hoja zangu. Uani palikuwa na viti vya duara, mashangazi, wajomba, na Mama Godelive kwenye kigoda peke yake, mikono magotini. Papa Bonaventure alifanya kazi relini mpaka alipostaafu; ndiye aliyekuwa akiandika treni zinazoingia na zinazotoka. Alishika toleo letu kwa vidole viwili.

"Weye njo uliandika?"

"Ndiyo, Papa."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilitunga."

"Mamzelle." Alikuwa mvumilivu, na hilo liliniudhi zaidi. "Uso ni ya Godelive, ulitunga? Hapana. Ile muntu ni mudogo wangu Anaclet, ulitunga? Hapana. Ile shati, minye njo nilimupatia. Ulitunga shati? Bintu byote hapa ni bya kweli. Sasa unaniambia ni ile kufa moja tu njo ulitunga?"

Kwa haki kabisa, hoja yake ilikuwa bora kuliko zote nilizosoma kwa wahakiki. Lakini wakati ule sikuiona hivyo. Nilisimama. Nilianza kueleza tofauti kati ya ukweli wa maisha na ukweli wa sanaa. Nilieleza kwamba mwandishi huazima nyuso kwa kusudi la juu zaidi. Nilikuwa nimefika kwenye hoja ya tatu kati ya sita pale shangazi mmoja alipomuuliza jirani yake, bila kushusha sauti, "Huyu anatukana ao anasali?" Papa Sylvain alinivuta sketi.

"Ikala, Béatrice. Unaharibu."

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na daftari langu la mirabamiraba na makapi yake yote ya toleo la kumi na saba: majaribio ya penseli, kila karatasi ikiwa na tarehe na saini pembeni, chini, upande wa kulia. Aliyaweka mapajani mwa Papa Bonaventure. Mzee wa reli alitazama kwanza pembe za karatasi. Nilimwona akilegea kidogo. Alikuwa amekutana na watu wanaoandika tarehe.

Akasoma kwa sauti.

"Tarehe tano. Mama Volti anashika waya, kaka yake anakufa." Akageuza. "Tarehe nane. Kaka amefutwa. Tante, shangazi yake, anakufa." Akageuza tena, akasogeza karatasi karibu na macho. "Tarehe kumi na mbili. Mbuzi?"

"Hakuwa na uzito wa kutosha," nilisema.

Wajomba walianza kucheka. Papa Bonaventure hakucheka.

"Tarehe kumi na tano, mutoto. Tarehe kumi na tisa, mutoto amefutwa, bwana anakufa. Saini yako?"

"Yangu."

"Siku kumi na ine." Alipanga karatasi vizuri juu ya goti lake. "Siku kumi na ine muntu anatafuta nani atamuua. Anajaribu kaka, hapana. Tante, hapana. Mutoto, anamuachia. Anafika kwa Anaclet, anasema, huyu njo muzuri. Ile muntu haiko Godelive." Akaniangalia. "Ni weye."

"Njo mulozi mwenyewe!" alisema yule shangazi, na akavuta kiti chake mbali na changu. Wa upande wa pili naye akavuta. Kwa miaka tisa nilitamani kusomwa kwa makini namna hiyo.

Nilitaka kupinga. Nilikuwa na maneno. Lakini nilitazama kigoda cha Mama Godelive nikaona mabega yake yameshuka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile, nikafahamu kwamba kila neno nitakalosema kujitetea litarudi kumwangukia yeye. Kwa hiyo nilisema, "Ndiyo, Papa. Ni mimi niliyemuua. Yeye hakujua."

Papa Bonaventure aliomba munkoyo. Mama Godelive alinyanyuka, akachota, akampa kwa mikono miwili, naye akanywa kikombe chote mbele ya ukoo, bila haraka, mpaka chini. Kisha kikombe kikazunguka. Hivyo ndivyo nyumba ilivyobaki kwa mwenyewe. Hakuna aliyetamka hukumu. Aliongeza sharti moja tu, ambalo mmeliona kwenye ukurasa wa kwanza wa toleo la kumi na nane, ambalo nilikuwa nimekwisha kuliandika: kwamba kifo cha yule mume kilitungwa na mimi, jina langu zima, tarehe, na saini pembeni, chini, upande wa kulia.

"Na ile kitabu imekwisha," alisema, akimrudishia Papa Sylvain karatasi zake.

"Hapana," alisema Mama Godelive.

Wote walimgeukia.

"Uso ni yangu. Batoto bananiitaka Volti paka leo, hata hii wiki mbaya baliniita. Aendelee kuruka." Alinielekea mimi. "Lakini Béatrice, hapana. Bale batoto bawili banaofagiaka kwa Sylvain baandike. Na kila ukurasa banisomee kwanza, mbele ya Sylvain kuchora."

Ninyi ndio wale wawili. Sasa mnajua kwa nini mlipewa daftari siku ya Jumatatu bila maelezo. Nendeni kwake asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Msomeeni polepole, na akisema hapana, msimweleze kanuni za hadithi.

Siwezi kuwaficha kwamba pale uani nilibishana naye. Nilimwambia nimetoa miaka tisa. Nilimwambia kwamba Mama Volti alitoka kichwani mwangu, kwamba matoleo matatu yajayo yamekwisha pangwa, kwamba nilimwandika Papa Anaclet kwa heshima yote niliyonayo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, jambo ambalo hakuna mhakiki aliyewahi kunifanyia.

"Minye niliikala na Anaclet miaka makumi mbili na moja," alisema. "Alipogonjwa, nililala chini ya kitanda yake siku sita, nikimupanguza. Weye ulimuua mu bisanduku bitatu."

Vilikuwa vinne. Sikumsahihisha.